Kamera imetoka nje ya mshipa: kutafuta kosa lilipoanzia

Hii ni kwa yule mwenye picha za CT au MRI za mishipa ya damu, ana programu inayotafuta njia yenyewe na kupitisha kamera ya kompyuta, sio ya kweli, ndani ya picha ya mshipa toka mwanzo mpaka mwisho bila mtu kushika mausi, na sasa kamera imeanza vituko. Imepenya ukuta, au imeingia kwenye mfupa, au inajizungusha mpaka unasikia kichefuchefu, au imegoma tu. Kabla hujaanza kupekua msimbo wa programu wa kamera nikwambie kitu kimoja: kamera mara nyingi haina hatia. Kamera ni abiria. Inabebwa na mstari wa kati, mstari wa kati umetoka kwenye segmentesheni, yaani pale programu ilipoamua hapa ni mshipa na hapa sio, segmentesheni imetoka kwenye picha, na picha imetegemea mashine, mgonjwa katulia au hakutulia, na dawa ya kontrasti, ile inayofanya damu ing'ae kwenye picha, ilisukumwa saa ngapi. Kosa likianza kule juu linateremka na mkondo mpaka kwa kamera, we unaliona kwa kamera kwa sababu ndo kitu pekee kinachotembea kwenye skrini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ile ile kwa kila dalili. Fungua picha mbichi, mikato yote mitatu (wa juu, wa mbele na wa ubavuni), weka ule mstari wa njia juu yake, afu nenda pale pale kamera ilipofanya kituko. Pili, chora grafu ya rediasi (nusu ya kipenyo) ya mshipa kwa kila hatua ya njia. Ni grafu ya kijinga kabisa, mstari mmoja unapanda na kushuka, lakini mi siku hizi sianzi kazi bila hiyo.

Kamera imeacha mshipa ikaingia kwenye mfupa

Hii ni maarufu sana kwenye ateri ya karotidi ya ndani inapopanda kuingia kichwani. Pale chini ya fuvu mshipa unapita ndani ya mfereji wa mfupa kabisa, damu na mfupa vimekaa bega kwa bega, na kwenye CT vyote vinang'aa. Angalia namba: kwa HU, yaani kipimo cha mng'ao kwenye CT, maji ni 0, hewa -1000, damu yenye kontrasti nzuri inakaa kwenye 300 hadi 400 hivi, mfupa mgumu unapita 1000, lakini ule mfupa wa ndani wenye vitundu kama sponji unashuka mpaka mia mbili, mia tatu, mia nne huko. Sasa we umeweka kizingiti 200 ukasema kila kinachozidi hapo ni mshipa. Fuvu zima limekuwa mshipa, na kamera imeona uwanja mpana ikaingia.

Wengi wanakimbilia kupandisha kizingiti. Wanapandisha mpaka 350, mfupa unapungua kweli, wanafurahi, afu wanakuta mishipa midogo yote imekufa. Sababu ni kwamba vokseli, yaani kile kisanduku kidogo kinachounda picha, ikiwa ya ukingoni inachanganya damu na nyama ndani ya kisanduku kimoja na namba yake inakuwa wastani wa vyote viwili, na mshipa mdogo karibu wote ni ukingo. Umeziba hapa umetoboa pale.

Kinachosaidia: kama mgonjwa alipigwa picha nyingine kabla ya kontrasti, toa moja kwenye nyingine, mfupa unajifuta na damu inabaki. Tatizo lake kichwa kikisogea hata milimita moja kati ya picha mbili unabakiwa na nyuzi nyuzi za mfupa pembeni, kwa hiyo zilinganishe kwanza ndo utoe. CT ya nguvu mbili nayo inasaidia kwa sababu iodini na kalsiamu hazinyonyi miale sawasawa nguvu ikibadilika. Kama huna vyote viwili, panda mbegu, yaani nukta ya kuanzia, ndani ya mshipa shingoni, chini ambako hamna mfupa umeugusa, acha segmentesheni ikue kupanda juu kidogo kidogo na uiwekee breki: rediasi ikiruka ghafla, simama. Karotidi ya ndani ina kipenyo cha milimita 4 au 5 hivi, yaani rediasi ya 2 au 2.5, sasa grafu ya rediasi ikionyesha 2.5, 2.5, 2.5, 6.5, usitafute maelezo mengine, uko mfupani.

Imetoka kwenye ateri ikaibukia kwenye veni

Hapa kuna sababu mbili na zinachanganywa kila siku. Ya kwanza ni muda: picha ilichelewa kupigwa, kontrasti ikawa imeshapita kwenye ateri na kurudi kwenye veni, kwa hiyo zote zinang'aa. Hilo huwezi kulirekebisha kwa msimbo, unaweza kulipunguza tu. Ya pili ni mishipa inayobusiana, yaani ateri na veni zimelaliana mpaka ukuta wa katikati ni mwembamba kuliko vokseli yako, programu haioni ukuta, inaona mlango.

Na algorithimu ya njia fupi, iwe ile ya Dijkstra ya 1959 au hizi za kusambaza wimbi, ni kama maji, inafuata mkondo. Ukiipa mlango itapita. Sasa rudi kwenye grafu ya rediasi: mlango wa uongo unaonekana kama shingo ya chupa, rediasi inashuka mpaka vokseli moja au mbili afu inapanuka tena haraka upande wa pili, tena mara nyingi mwelekeo wa njia unapinda kwa kona kali pale pale. Mshipa wa kweli uliobana nao unashuka hivyo, lakini unaendelea na mwelekeo wake. Mi nikiona kubana na kona kali kwa pamoja nawaza mlango wa uongo kwanza.

Dawa yake ni kuziba ule mlango kwa mkono kwenye segmentesheni, au kuweka vituo viwili vitatu vya lazima ndani ya ateri ili njia isipate pa kuchepukia, au kuipandishia gharama, yaani bei ambayo njia inalipa kupita pale, kila sehemu nyembamba sana. Hiyo ya mwisho uwe nayo mwangalifu, utaifanya programu iogope mishipa iliyobana kweli, na hiyo ndo mishipa ambayo daktari anaitafuta. Halafu kuna watu ambao ateri na veni zao zimeungana kweli, kama wale waliotengenezewa fistula mkononi kwa ajili ya kusafisha damu kwa mashine. Kwa hao njia ya kutoka ateri kwenda veni ni sahihi kabisa, usije ukaziba.

Njia inakatika katikati

Hapa nitakaa kidogo manake ndo pagumu.

Programu inakwambia haijapata njia, au inasimama nusu, au mbaya zaidi inazunguka kupitia mshipa mwingine wa pembeni ili ifike. Nenda kwenye picha mbichi pale ilipokatika, jiulize swali moja tu: je, damu ipo kwenye picha?

Kama ipo na unaiona kwa macho, kosa ni la segmentesheni. Ukitumia modeli iliyofundishwa, usidanganywe na alama ya Dice, ile inayopima segmentesheni yako inalingana kiasi gani na ya kweli. Unaweza kuwa na Dice nzuri sana na mshipa umekatika vipande vitano, kwa sababu Dice inahesabu vokseli, na vokseli nne zilizopotea katikati ya mshipa mwembamba ni kama hamna kitu kwenye hesabu, ila kwa safari ni kama daraja limebomoka. Ndo maana kuna kipimo kinaitwa clDice, kilitolewa 2021, chenyewe kinaangalia mstari wa kati kama umeungana. Kama unatumia kichujio cha Frangi cha 1998, kile kinachotafuta vitu vyenye umbo la bomba, kumbuka kinapenda bomba lililonyooka, kwenye njia panda na kwenye sehemu iliyofura kinanyamaza, kwa hiyo mapengo yanayotokea pale mishipa inapogawanyika yasikushangaze.

Kama damu haipo kwenye picha, sasa hapo ndo kazi. Inawezekana mshipa umeziba kweli. Inawezekana ni CT ya miguu na kitanda kilitembea haraka kuliko kontrasti, picha ikafika kwenye kifundo kabla ya dawa kufika, mishipa yote chini ya goti inafifia taratibu badala ya kukatika ghafla sehemu moja. Inawezekana kuna stenti, yaani kibomba cha waya kilichowekwa kuutanua mshipa, chuma chake kinavimba kwenye picha na kumeza tundu la ndani. Kalsiamu iliyoganda ukutani inafanya hivyo hivyo, inaonekana nene kuliko ilivyo. Kama ni mishipa ya moyo, angalia kama kuna ngazi, yaani mshipa umekatwa na kusogezwa pembeni kama matofali yaliyopangwa vibaya: hiyo ni mapigo ya moyo hayakwenda sawa wakati wa kupiga picha, jaribu kutengeneza picha upya kutoka awamu nyingine ya pigo kama data ghafi bado ipo. Na kama ni MRI ya mishipa isiyotumia kontrasti, ile inayotegemea damu mpya inayoingia kwenye slaisi (kipande kimoja chembamba cha picha), damu ikienda polepole, au ikitembea sambamba na slaisi, au ikivurugika baada ya sehemu iliyobana, mwanga unapotea. Mshipa upo, damu inapita, picha inasema hamna. Kwenye picha za aina hii kubana kunaonekana kukubwa kuliko kulivyo.

Sasa kuna kitufe kwenye programu nyingi cha kuunganisha mapengo yenyewe. Kinavutia. Kamera inapita vizuri, demo inapendeza, na umepita juu ya donge la damu kama vile halipo. Nimewahi kukaa karibu wiki nzima natafuta kwa nini kamera inakwama kwenye ateri moja ya paja, nimebadilisha gharama, nimebadilisha kizingiti, nimelaini, mpaka mwenzangu mmoja aliyezoea kusoma picha akasogeza kiti, akazungusha slaisi mara tatu, akasema kaka hapa pameziba, hii mishipa midogo pembeni si ndo imechukua kazi. Programu ilikuwa sahihi muda wote. Toka siku hiyo nikilazimika kuunganisha pengo naliwekea rangi tofauti na kamera ikipita pale skrini inaandika kwamba hapa pamebuniwa.

Kamera inakwaruza ukuta kwenye kona

Njia haikatiki, iko ndani ya mshipa, lakini kwenye tao la aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, inakata kona kama bodaboda, inapita karibu na ukuta wa ndani. Hii ni hesabu ya gharama tu. Njia fupi kwenye bomba pana ni kukata kona, kwa hiyo lazima uifanye katikati iwe bei rahisi. Kawaida tunachukua umbali wa kila vokseli kutoka ukutani na kufanya gharama iwe moja gawanya kwa umbali huo. Kwenye aota yenye kipenyo cha milimita 28, milimita 1 kutoka ukutani gharama ni 1, katikati ni 1/14. Bado inaweza isitoshe. Zidisha umbali kwa wenyewe, katikati inakuwa 1/196, na hapo njia inatulia. Ukizidisha sana nayo inaanza kuyumba kufuata kila kishimo cha ukuta, kwa hiyo jaribu kipeo cha pili, kisha cha tatu, usirukie cha kumi.

Kwenye mshipa uliofura ni kesi nyingine. Katikati ya anyurizimu kimahesabu ni katikati ya ule mfuko, kwa hiyo njia inaingia mfukoni, inasalimia, inatoka. Kwa kuangalia ukuta wa mfuko hilo ni zuri. Kwa kupima urefu wa kifaa cha kuweka ndani sio zuri, utapata urefu wa uongo.

Kama mstari umetoka kwa kumenya segmentesheni safu kwa safu mpaka ubaki uzi mwembamba wa katikati tu, utaona vijitawi vifupi kama miiba pembeni. Kila kivimbe cha ukuta kinazaa mwiba. Kata tawi lolote ambalo urefu wake ni mfupi kuliko rediasi ya mshipa linapochipukia, umemaliza.

Inajipindua kichwa chini, unasikia kizunguzungu

Hii sasa kweli ni ya kamera, mojawapo ya chache. Programu nyingi za kujitengenezea zinaipata juu na chini ya kamera kutoka kwenye upindaji wa njia yenyewe, mbinu inayoitwa fremu ya Frenet. Shida ni kwamba kwenye kipande kilichonyooka hamna upindaji, kwa hiyo "juu" haipo, na pale njia inapoacha kupinda kushoto ikaanza kupinda kulia, "juu" inageuka kuwa "chini" ndani ya picha moja tu ya video. Ukijirekodi utaona: picha mbili zinazofuatana, ukuta ule ule, lakini alama iliyokuwa juu iko chini.

Tumia fremu inayobebwa, ile ambayo Bishop aliieleza 1975: chukua "juu" ya hatua iliyopita, izungushe kidogo tu kadri njia ilivyogeuka, basi. Haijizungushi yenyewe hata siku moja. Kabla ya hapo pitisha splaini, yaani mstari laini unaopinda bila kona, kwenye njia na uigawe upya kwa hatua zinazolingana, manake njia inayoruka kutoka vokseli hadi vokseli inatetemeka kama gari kwenye rasta. Afu baada ya kulainisha hakikisha tena kila nukta iko ndani ya mshipa, splaini ikizidi ulaini nayo inakata kona.

Mshipa umekuwa mrefu mara mbili, au bapa, au umehamia upande mwingine

Usiguse kamera, usiguse njia. Hili ni la DICOM, yaani aina ya faili ambazo picha za hospitali zinahifadhiwa.

Mshipa mrefu au bapa: programu imetumia unene wa slaisi badala ya nafasi kati ya slaisi. Slaisi zinaweza kuwa na unene wa milimita 1 lakini zimepangwa kila milimita 0.5, zinalaliana nusu. Ukizidisha idadi kwa unene, mgonjwa karefuka mara mbili. Hesabu nafasi mwenyewe kutoka kwenye ImagePositionPatient, sehemu ya faili inayosema slaisi iko wapi, ya slaisi mbili zinazofuatana, usiamini kitu kingine, na wala usipange slaisi kwa jina la faili.

Kulikuwa na kesi moja ilinila jioni nzima. Ukuta wa mshipa ulikuwa na mistari mistari kama pundamilia, mweupe, wa kijivu, mweupe, wa kijivu, na kamera inaruka ruka. Nikadhani ni chenga, nikalainisha, mistari ikabaki. Kumbe folda ilikuwa na seti mbili, ya awamu ya ateri na ya awamu ya veni, na programu ilizipanga kwa mahali, kwa hiyo kila mahali palikuwa na slaisi mbili, moja inang'aa na moja imefifia. Tenganisha kwanza kwa namba ya utambulisho ya kila seti ndo upange.

Kuhusu kuhama upande, kuna tofauti ndogo inayokuokolea muda. DICOM inahesabu kushoto, nyuma na juu kuwa chanya, programu ya 3D Slicer inahesabu kulia, mbele na juu. Ukisahau kubadili alama mbili za kwanza, njia inazunguka nyuzi 180 kwenye mhimili wa kichwa na miguu, umbo lake liko sawa ila limekaa pasipo pake. Lakini ukipanga slaisi kinyume, mwili wote unakuwa kama kwenye kioo. Tafuta ini. Likiwa kushoto, we umegeuza slaisi, au una mgonjwa wa nadra sana, na hilo la pili lithibitishe kwa mtu kabla hujasherehekea.

Picha za CT za kichwa zilizopigwa mashine ikiwa imeinama zina tatizo lake, slaisi zinapanda kimshazari na usiporekebisha mshipa wa kupanda unaonekana umeegemea. Soma mwelekeo wa slaisi kwenye faili, usidhani ziko wima.

Skrini nyeusi, au unaona kupitia ukuta

Kamera ina umbali wa chini ambao inaanza kuona. Ukiwa 1 na mshipa una rediasi ya milimita 1, ukuta wa pembeni unakatwa na unaona nje. Shusha mpaka 0.1 au chini. Kama ni nyeusi tii, uso wa wavu, yaani ganda la pembetatu linalochora ukuta, umeelekea nje, manake ulitengenezwa kuangaliwa kwa nje, ugeuze au ruhusu pande zote mbili zichorwe. Na taa iwe kwenye kamera yenyewe, ndani ya mshipa hamna jua.

Ukuta una ngazi ngazi na mabonde

Slaisi nene. Picha ya milimita 5 haifai kwa safari ya ndani, haijalishi utalainisha vipi, tafuta ile ya milimita 1 au chini yake, mara nyingi ilitengenezwa na ipo tu kwenye folda nyingine. Kwa upana nako piga hesabu: eneo la milimita 350 likigawanywa kwa pikseli 512 ni 0.68, mshipa wa moyo wa milimita 2 unapata pikseli tatu tu. Likibanwa liwe milimita 200 pikseli inakuwa 0.39 na mshipa ule ule unapata tano.

Ukilazimika kulainisha wavu, ulainishaji wa kawaida wa kuvuta kila nukta kwenye wastani wa jirani zake unasinyaza bomba, na mshipa mwembamba unaweza kusinyaa mpaka ukabana kabisa. Njia ya Taubin ya 1995 inavuta ndani afu inasukuma nje, bomba linabaki na unene wake. Na kipenyo usikipime kwenye wavu uliolainishwa, wala kwa jicho la kamera, kamera yenye pembe pana ya nyuzi 90 inafanya kila tundu la mbele lionekane dogo. Rudi kwenye picha mbichi, kata mkato uliosimama wima kwa njia pale pale, pima hapo.

Inachukua milele kukokotoa

Usipunguze idadi ya vokseli kwa kuzifanya zote kubwa, utapoteza mishipa midogo. Kata kisanduku kinachobana mshipa unaoutaka, acha nafasi ya milimita 10 pembeni, tupa kilichobaki.

Ukishindwa kabisa na unataka kumuonyesha mtu mwingine, mpe mikato mitatu yenye mstari juu yake pale penye kituko, grafu ya rediasi, nafasi ya vokseli kwa pande zote tatu, na awamu ya picha. Video ya kamera inayojipindua haimsaidii sana. Na futa jina la mgonjwa kwenye faili, sio kwenye skrinishoti tu, manake DICOM inalibeba ndani ya kila slaisi.